Lupu Isiyokoma na Lupu Inayodanganya: Kusaka Makosa Katika Programu ya Viazi

Gunia la viazi linaloshuka kutoka Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, halina uzito wa kutabirika. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa inajulikana Nyanda za Juu Kusini nzima: juu ya mdomo wa gunia huongezwa kipande kingine, nacho hujazwa viazi mpaka gunia lote linainama upande. Mnunuzi makini hapimi gunia moja akazidisha kwa idadi. Anapandisha kila gunia kwenye mizani, anaandika kilo zake, na mwisho anajumlisha.

Kurudia kitendo kilekile mpaka mzigo uishe ndiyo kazi ya lupu. Programu ya kujumlisha viazi inamfaa sana mtu anayeanza kuandika programu, kwa sababu jibu analijua kabla kompyuta haijalitoa. Kompyuta ikidanganya, atajua. Angalau anapaswa kujua. Tutaona kwamba hata hilo lina mitego yake.

Tumpe kazi hiyo binti wa Uyole aliyemaliza kidato cha nne, ambaye shangazi yake hupakia viazi kwenye Fuso kwenda Dar es Salaam. Anajifunza Python, lugha ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na laptopu ameazima. Atasoma kilo za gunia mojamoja. Mzigo ukiisha ataandika 0. Ameandika hivi (`input` inasoma kinachoandikwa, `float` inakigeuza kuwa namba):

```
jumla = 0
magunia = 0
kilo = float(input("Kilo: "))
while kilo != 0:
    jumla = jumla + kilo
    magunia = magunia + 1
print("Jumla:", jumla, "Magunia:", magunia)
print("Wastani:", jumla / magunia)
```

Anaiendesha. Anaandika 128, anabonyeza Enter. Kimya. Anabonyeza tena. Kimya.

"Kaka, laptopu yako imestaki," anamwambia kijana wa dukani aliyemwazima.

"Haijastaki, mdogo wangu. Isikilize feni."

Feni inavuma. Kompyuta iliyoganda na kompyuta iliyo kwenye lupu isiyokoma huonekana sawa kwa macho, ila ya pili inafanya kazi kwa nguvu zote. Mstari wa `while` unauliza: je, kilo si sifuri? Kilo ni 128, basi jibu ni ndiyo. 128 inaongezwa kwenye jumla, gunia moja linahesabiwa, programu inarudi juu na kuuliza tena. Kilo bado ni 128, kwa sababu ndani ya lupu hakuna mstari hata mmoja unaoigusa `kilo`. Gunia lilelile linapimwa mamilioni ya mara, na kwa kuwa hakuna `print` humo ndani, hakuna anayeambiwa.

Wengi hapa hukimbilia kitufe cha kuzimia. Wasifanye hivyo. Kubonyeza Ctrl pamoja na C kunaikatisha programu bila kuiua kompyuta, na Python inatoa maelezo yanayomalizikia na neno `KeyboardInterrupt`, yakiwa na namba ya mstari. Mstari huo si lazima uwe ndio wenye kosa; ni pale tu programu ilipokamatwa. Lakini ukiwa na lupu tatu kwenye faili moja, namba hiyo inakuonyesha ni ipi iliyokushika, na hiyo ni nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni kusoma sharti, yaani swali la mstari wa `while`, peke yake na kukitaja kila kigeu kilichomo, yaani kila jina linalobeba thamani inayoweza kubadilika. Hapa kimo kimoja, `kilo`. Kisha unatafuta, ndani ya mwili wa lupu, ile mistari inayorudiwa chini ya `while`, mstari unaokibadilisha. Ukiukosa, umepata kosa. Ukiupata, unauliza swali la pili ambalo watu hulisahau: je, mstari huo unafikiwa katika kila raundi, au una `if` mbele yake inayoweza kuuruka?

Swali hilo la pili liliwahi kuiangukia kampuni kubwa. Tarehe 31 Desemba 2008, vichezeo vya muziki vya Zune vya gigabaiti 30, vya kampuni ya Microsoft, viliganda vikiwashwa. Ndani yake kulikuwa na msimbo wa saa uliogeuza hesabu ya siku kuwa mwaka, kuanzia 1980. Ukiuandika kwa Python unakuwa karibu hivi:

```
while siku > 365:
    if mwaka_mrefu(mwaka):
        if siku > 366:
            siku = siku - 366
            mwaka = mwaka + 1
    else:
        siku = siku - 365
        mwaka = mwaka + 1
```

Kila mwaka unaopita, siku zake zinapunguzwa kwenye hesabu. Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, na siku yake ya mwisho ilikuwa ya 366. Ifuate siku hiyo kwa kidole. Je, 366 inazidi 365? Inazidi, ingia. Mwaka ni mrefu? Ndiyo. Je, 366 inazidi 366? Hapana. Basi hakuna kinachopunguzwa, hakuna kinachoongezwa, na tunarudi juu tukiwa na 366 ileile. Mistari ya kubadilisha `siku` ipo, tena miwili, ila siku hiyo moja hakuna uliofikiwa. Wenye vichezeo walishauriwa waache betri iishe na kuwasha tena kesho yake. Ushauri ulifanya kazi, maana tarehe 1 Januari hesabu ilifika 367, ikapita kwenye `if` ya ndani, na lupu ikamalizika. Kosa lilikuwa limekaa humo muda wote likisubiri siku yake. Waliolipitisha walikuwa wahandisi waliokomaa, kwa hiyo binti yetu wa Uyole asijione mjinga.

Mtu atauliza kwa nini kompyuta yenyewe isitoe onyo kwamba lupu hii haitakoma. Kwa lupu fupi kama ya viazi, baadhi ya zana huweza kushuku. Kwa programu yoyote ile, haiwezekani: mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha kihisabati kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kupewa programu ya aina yoyote na kutambua kila mara kama itafika mwisho. Kwa hiyo kazi hii inabaki kwa anayeandika.

Sasa turudi kwa viazi. Binti ameelewa kwamba kilo lazima zisomwe upya ndani ya lupu. Anaongeza mstari, na kama wengi wanavyofanya, anauweka juu kabisa:

```
while kilo != 0:
    kilo = float(input("Kilo: "))
    jumla = jumla + kilo
    magunia = magunia + 1
```

Anaingiza 128, 97, 111, kisha 0. Programu inakoma. Inaandika: Jumla 208.0, Magunia 3.

Magunia ni matatu kweli. Mtu aliyechoka atasoma hiyo tatu, atafurahi, na kumpelekea shangazi jibu. Lakini 128 na 97 na 111 ni 336. Kilo 128 zimeyeyuka, lumbesa nzima, na wastani unaotoka ni kilo 69 na ushee kwa gunia wakati hakuna gunia hata moja chini ya 97.

Dawa hapa ni karatasi. Chora safu moja kwa kila kigeu na mstari mmoja kwa kila raundi, kisha ujifanye kompyuta, bila kuruka hatua kwa sababu "unajua" kitakachotokea:

```
raundi   kilo ikiingia   kilo iliyosomwa   jumla   magunia
1        128             97                97      1
2        97              111               208     2
3        111             0                 208     3
```

Safu ya pili na ya tatu zinasema kila kitu. Gunia la kwanza lilisomwa nje ya lupu, likaingia, na kabla halijajumlishwa likafutwa na la pili. Huo ni upotevu wa gunia moja. Mwishoni, sifuri ambayo ni ishara tu ya "nimemaliza" imejumlishwa na kuhesabiwa kama gunia. Hiyo ni nyongeza ya gunia moja. Kwenye idadi, upotevu na nyongeza vimefutana. Kwenye kilo havikufutana, kwa sababu sifuri haina uzito wa kufidia 128.

Makosa mawili yanayofichana ni jambo la kawaida sana kwenye lupu, na ndiyo sababu sina imani na mtindo wa kubadilisha hiki na kile mpaka programu ionekane sawa. Chukua mtu anayegundua, kwa haki kabisa, kwamba sifuri inahesabiwa kama gunia. Anapunguza moja kwenye `magunia`. Idadi iliyokuwa sahihi sasa inasema 2. Anashtuka, anafuta alichoandika, anaamini amekosea kufikiri. Hakukosea; alikuwa amerekebisha kosa moja kati ya mawili. Asiye na jedwali hawezi kutofautisha hatua nzuri ambayo haijakamilika na hatua mbaya.

Chini ya kosa la sifuri kuna dhana potofu ambayo nadhani ndiyo mama wa makosa mengi ya `while`. Anayeanza huamini kwamba sharti liko macho muda wote, kwamba mara tu `kilo` inapokuwa sifuri, hata katikati ya mwili wa lupu, programu itatoka papo hapo. Sivyo. Sharti hufanya kazi kama mizani ya magari kwenye barabara kuu ya TANZAM: linakuona unapopita juu yake tu. Ukishavuka, unaweza kupakia au kushusha unachotaka njiani. Hakuna atakayejua mpaka ufike tena. Mistari yote iliyobaki chini ya `input` itatekelezwa na hiyo sifuri, mpaka mwisho, ndipo sharti liulizwe.

Ukilielewa hilo, mahali pa kuweka `input` panajitokeza penyewe. Thamani mpya inapaswa kusomwa mwishoni mwa raundi, ili kitu cha kwanza kuipata kiwe ni sharti:

```
while kilo != 0:
    jumla = jumla + kilo
    magunia = magunia + 1
    kilo = float(input("Kilo: "))
```

Kuna wanaopendelea `while True` na kutoka kwa `break` katikati. Ni njia halali na wengi huiona nyepesi. Mimi kwa anayeanza ningeichelewesha kidogo, maana inamwondolea sharti la juu, na kulisoma sharti hilo ndilo zoezi lenyewe.

Jedwali la karatasi lina faida nyingine hapa kwetu: umeme ukikatika, bado lipo. Lakini kwa lupu ya raundi mia mbili halitoshi, na hapo unaitaka programu yenyewe iseme. Weka mstari mmoja wa kuchungulia, uwe wa kwanza ndani ya mwili wa lupu:

```
    print("juu:", repr(kilo), jumla, magunia)
```

Mahali pake pana maana. Ukiuweka mwanzoni unaona hali ambayo sharti limeipitisha. Ukiuweka mwishoni unaona hali itakayokwenda kuulizwa. Ukiuweka nje, chini ya lupu, kwa kukosea nafasi za mwanzo wa mstari ambazo Python huzitumia kujua kilichomo ndani, utaona hali ya mwisho tu na kudhani lupu ilizunguka mara moja. Na hiyo `repr` si urembo. Kuna toleo lingine la programu hii ambalo linasoma `kilo = input("Kilo: ")` bila `float`, kisha linabadilisha baadaye, kwenye `jumla = jumla + float(kilo)`. Ndani ya lupu jumla inaongezeka sawasawa. Lakini mtumiaji anaandika 0, programu inauliza tena Kilo. Anaandika 0 tena, inauliza tena. Ukichungulia kwa `print` ya kawaida utaona 0 na utarukwa na akili, maana sharti linasema isiwe 0. Ukichungulia kwa `repr` utaona `'0'`, na alama zile za nukuu ndizo jibu: hayo ni maandishi. Herufi ya sifuri na namba sifuri, mbele ya Python, ni vitu viwili tofauti milele.

Asiyetaka kujaza programu yake mistari ya kuchungulia anaweza kutumia Thonny, mazingira ya Python yaliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kwa ajili ya wanaoanza. Ukishaisakinisha haihitaji bando. Inaendesha programu hatua kwa hatua na kuonyesha kila kigeu kikibadilika pembeni. Ni jedwali lile la karatasi, linalojiandika lenyewe. Hata hivyo ningemtaka mtu achore majedwali machache kwa mkono kwanza, kwa sababu anayetazama hatua zikipita huwa rahisi kukubali kila anachoonyeshwa, wakati anayeandika analazimika kubashiri kabla.

Hapa kuna hila ambayo haifundishwi vya kutosha. Unapojaribu lupu ya kujumlisha, usitumie 128, 97 na 111. Tumia 1, 10 na 100. Jibu sahihi ni 111, na kila jibu la uongo linataja jina la kosa lake. Ukipata 110, gunia la kwanza limepotea. Ukipata 11, la mwisho limeachwa, huenda lupu ilikoma raundi moja mapema. Ukipata 100 peke yake, basi `jumla = 0` imeingia ndani ya lupu na kila raundi inafuta kazi ya iliyotangulia. Ukipata 1, lupu ilizunguka mara moja ikatoka. Tafuta `break` iliyokaa mahali pabaya, au `return` kama msimbo uko ndani ya fanksheni, yaani kipande cha programu kilichopewa jina lake. Ukipata 121, gunia la pili limepimwa mara mbili. Ukipata 111 lakini magunia ni manne, sifuri imehesabiwa. Viazi halisi haviwezi kukuambia hayo, kwa sababu 208, ukiitazama tu, haitaji gunia lililopotea.

Na wakati mwingine takwimu halisi haziwezi kukuambia chochote kabisa. Tuache viazi kidogo tuangalie mvua. Mbeya ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Januari ni kati ya miezi inayonyesha zaidi, na kuanzia Juni hadi Septemba karibu hakuna tone. Tuseme mwanafunzi ana orodha ya miezi kumi na miwili kwa milimita. Namba hizi ni za mazoezi, si za kituo cha hali ya hewa:

```
mvua = [200, 160, 160, 110, 20, 1, 0, 0, 5, 15, 55, 190]
jumla = 0
for mwezi in range(1, 12):
    jumla = jumla + mvua[mwezi]
print(jumla)
```

Programu inaandika 716. Jibu sahihi ni 916. Mwanafunzi aliwaza "kutoka mwezi wa 1 hadi wa 12", na kila mtu nje ya kompyuta angeelewa hivyo. Lakini `range(1, 12)` inatoa 1 hadi 11, ya mwisho haimo, na orodha inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo Januari iko namba 0 na Desemba namba 11. Matokeo yake Desemba, ambayo angeiogopea, imo salama. Iliyoachwa ni Januari.

Kinachofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Mtu anamwambia kwamba `range` haifikishi namba ya mwisho, basi aandike 13. Anaandika 13, na programu inalipuka: `IndexError`, hakuna kitu namba 12 kwenye orodha. Anarudisha 12, programu inatulia, na anakata shauri kwamba 12 ndiyo sahihi kwa kuwa "haileti kosa". Programu iliyolipuka ilikuwa inamsaidia. Iliyonyamaza inamwibia milimita 200. Na kama orodha ingekuwa imeanzia Julai, mwezi ulioachwa ungekuwa na sifuri, jumla ingetoka sahihi, na kosa lingeishi humo mpaka mwaka Julai itakapopata mvua.

Kwa nini waliotengeneza lugha hizi waliamua kuanzia 0 na kuiacha ya mwisho nje? Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta na Mholanzi mwingine, alilieleza mwaka 1982 katika andiko fupi. Ukiijumuisha ya mwanzo na kuiacha ya mwisho, tofauti ya namba mbili inakuwa ndiyo idadi ya vitu: `range(0, 12)` ni kumi na mbili, bila kuongeza wala kupunguza moja. Na vipande vinaungana bila kugongana: 0 hadi 6, kisha 6 hadi 12, hakuna mwezi unaorudiwa wala unaoachwa. Ni mpangilio mzuri ukishauzoea. Ila kwa kazi hii hauhitajiki hata kidogo, kwa sababu Python inakuruhusu kuandika `for kiasi in mvua:` na kujumlisha `kiasi`. Namba usiyoiandika huwezi kuikosea.

Njia hiyo fupi nayo ina shimo moja, na ni refu. Rungwe na Njombe hulima parachichi za Hass za kuuza nje, na tunda dogo hutolewa kwenye fungu. Tuseme yaliyo chini ya gramu 150 yaondolewe:

```
gramu = [210, 140, 135, 230]
for tunda in gramu:
    if tunda < 150:
        gramu.remove(tunda)
print(gramu)
```

Inatoka `[210, 135, 230]`. Hiyo 135 imepenyaje? Lupu ya `for` haishiki tunda, inashika nafasi. Ilikuwa nafasi ya 1, ikaliondoa 140. Mara 135 ikasogea kuziba pengo, ikakaa nafasi ya 1. Lupu, ikiwa imemaliza na nafasi ya 1, ikaenda ya 2, ambako sasa yupo 230. Tunda la 135 halikuulizwa kamwe. Ukipanga matunda madogo mbalimbali, dogo moja hapa na jingine kule, programu inafanya kazi bila doa. Inaharibika madogo mawili yakifuatana tu. Usirekebishe kwa kucheza na nafasi. Tengeneza orodha mpya ya yanayofaa na uiache ya zamani kama ilivyo:

```
yanayofaa = []
for tunda in gramu:
    if tunda >= 150:
        yanayofaa.append(tunda)
```

Desimali nitazipitia haraka. Lupu inayoanza na `x = 0`, ikaongeza 0.1 kila raundi, na sharti lake likiwa `while x != 1.0`, haitakoma. Kompyuta huhifadhi namba kwa msingi wa mbili, na moja ya kumi katika msingi huo haina mwisho, kwa hiyo hukatwa. Baada ya raundi kumi `x` ni 0.9999999999999999, raundi inayofuata inairuka 1.0 na kuendelea zake. Tumia `<`, au hesabu raundi kwa namba kamili na ugawanye baadaye.

Imebaki raundi ambayo karibu hakuna anayeijaribu, ile isiyokuwepo. Barabara za vijijini Uporoto zikiloa wakati wa masika, kuna siku gari halishuki. Shangazi anafungua programu, hana gunia, anaandika 0 moja kwa moja. Sharti linauliza kama kilo si sifuri, jibu ni hapana, na mwili wa lupu unarukwa wote. Hilo ni sawa kabisa. Lupu ya `while` ina haki ya kuzunguka mara sifuri. Tatizo liko chini yake, kwenye `jumla / magunia`, ambapo sifuri inagawanywa kwa sifuri na Python inatoa `ZeroDivisionError`. Mtu ataitazama lupu kwa nusu saa akitafuta kosa, wakati lupu imefanya ilichoambiwa. Kosa ni la mstari uliochukulia kwamba lazima kulikuwa na angalau gunia moja:

```
if magunia > 0:
    print("Wastani:", jumla / magunia)
else:
    print("Hakuna mzigo")
```

Kwa hiyo majaribio ya programu hii ni manne: bila gunia, gunia moja, magunia ya 1, 10 na 100, na mzigo wa kweli uliokwisha kujumlishwa kwa kikokotoo. Shangazi akibonyeza herufi ya o mahali pa sifuri, programu itaanguka kwa `ValueError` kwenye `float`, lakini hapo lupu haihusiki tena.